Nani Atafunua Chungu cha Samaki

Nchelenge, 9 Februari 2025

Mama mukubwa Chouchou,

Nakusalimia nikiwa nimepiga magoti, ingawa uko Lubumbashi na huwezi kuniona. Mimi ni mzima. Mvua imenyesha hata njia ya sokoni ikawa mto, na nyumba yetu ya zamani kule kambi ya wakimbizi ya Mantapala bado imesimama. Jirani anafuga njiwa ndani yake. Kazi ninayo bado. Naandika majina ya watu wanaoomba viwanja, nayasoma mara mbili, mara tatu, kisha nikilala naogopa kwamba kuna jina nimelikosea. Shefu wangu hajanigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Hapo bironi, ofisini kwetu, walinipa meza ya dirishani, mbele ya ziwa. Niliomba igeuzwe ielekee ukuta. Nilisema mwanga unaniumiza macho.

Najua masikio yako hayawezi tena simu, ndiyo maana karatasi hii nampa Gustave, yule mchuuzi wa samaki anayevuka ziwa kutoka Kilwa, upande wenu.

Sasa neno lenyewe. Yupo kijana anaitwa Levy, muuguzi wa kituo cha afya cha Kafutuma. Kwao ni wavuvi, hapa hapa Nchelenge. Wameleta posa, wazee wa kanisa la Mantapala wameipokea kwa niaba yetu. Mama yake, BanaLevy kama wanavyoitana huku kwa majina ya watoto, ameuliza moto utaonyeshwa lini. Unaijua desturi hii, hata ng'ambo tuliifuata: wanawake wa upande wa binti wanapika kila chakula ambacho kijana atakula katika ndoa, wanabeba vyungu mpaka kwao, na mama wa binti anafunua kimoja kimoja na kukitaja. Kabla ya siku hiyo Levy hawezi kula wala kunywa chochote kwangu.

Mama hayupo. Nimebaki na wewe tu. Na mimi sijui kupika, Mama mukubwa. Kambini tulichemsha unga na maharage ya mgao, na shule ya bweni walinipikia. Wamesema iwe mwisho wa mwezi wa nane. Nyuma ya chumba nilichopanga kuna kipande cha ardhi kitupu. Nipande nini? Na je, utakuja?

Binti yako mwenye hofu,
Pierrette


Lubumbashi, 16 Machi 2025

Pierrette, mutoto wa mudogo wangu,

Barua yako ilifika inanuka, maana Gustave aliibana katikati ya magunia ya samaki. Niliianika kwenye kamba pamoja na vitambaa, majirani wakaniuliza kama siku hizi nafua karatasi. Huku Katuba tuko wazima. Masikio yangu yamebaki kwa ajili ya kuvalia hereni tu. Kuku wangu mweusi anataga kila anapojisikia.

Bon. Muuguzi ni mutu muzuri. Ukishikwa na homa hutapanga mustari.

Kuhusu kupika, usilie. Anayejua kulima amemaliza nusu ya kupika. Lupango yangu, kiwanja changu cha nyumba, ni ndogo kama mukeka, lakini nakula kutoka humo. Mifuko ya simenti nimeijaza udongo, nimeipanga ukutani: lengalenga, hiyo wengine wanaita muchicha, nyanya, vitunguu, biringanya chungu. Asubuhi nachuma, muchana napika. Jirani naye anachuma nikigeuka, kisha ananisifu kwamba mboga zangu ni tamu. Mutu wa muji anayesema hana shamba, hajatazama vizuri nyuma ya nyumba yake.

Katika pembe ya kitambaa nilichofungia barua hii nimefunga mbegu. Zile nyeusi ni lengalenga. Usizifukie kama maiti. Changanya na muchanga mukavu, mwaga juu ya udongo, pitisha kiganja mara moja, basi. Zile kubwa ni maharage yetu yenye madoa. Subiri mvua kubwa ipungue. Maboga panda pembeni, maana hayana adabu, yanatambaa popote. Wadudu wakija wape majivu. Na usiende kuangalia kila saa! Mimea nayo ina haya.

Mengine uliyoniuliza, tutaona.

Mama yako mukubwa,
Chouchou


Nchelenge, 11 Mei 2025

Mama mukubwa,

Amani iwe juu ya mifuko yako yote ya simenti. Huku baridi ya asubuhi imeanza. Jirani yangu Matildah anakusalimia. Ndiye anayeniongoza siku ambazo barua yako bado iko njiani. Kazini nimepewa funguo ya kabati, naiangalia kila mara kama bado iko mfukoni.

Sijui niandikeje jambo hili. Niliweka mbegu moja ya lengalenga kwenye karatasi ya biro, nikaona ni ndogo kuliko nukta ya kalamu yangu. Leo imenifika kiunoni. Hakuna aliyeiamrisha. Mimi kila ninachofanya kazini nasubiri mtu atie sahihi, lakini ile mbegu haikuomba ruhusa kwa yeyote. Nimesimama mbele yake nikatoa viatu. Usicheke.

Siku ya kwanza kupika nilichuma mpaka kifuniko cha sufuria kikakataa kufunga. Nilipofunua, majani yalikuwa yamejaa kiganja tu! Nilitoka mbio.

"Ba Matildah, kuna mtu ameingia kwangu!"

Alikuja, akachungulia sufuria, akakaa chini kabisa kwa kicheko. "Mwizi ni moto, mama. Umeenda shule miaka yote hiyo hawakukuambia?"

Tukatia karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo. Nilikula nimekaa kizingitini. Mahali pale palikuwa pa vumbi tupu na kipande cha chupa, na sasa pamenilisha.

Tena Matildah amenionyesha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Tulipika uji wa mahindi, mzito wa kusimamisha mwiko. Ulipopoa ukawa wa vuguvugu, akatia mizizi iliyopondwa, akanipa mwiko nikoroge. Mama mukubwa, uji ulilegea mikononi mwangu! Ukawa mwepesi kama maji, na mtamu, bila sukari. Nilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Baadaye nikakumbuka kwamba mimi huwa naogopa kupiga kelele.

Levy hupita jioni, anasimama nje ya ua na kunusa. Nikimwambia aende zake asije akavunja desturi, anasema, "Waliniambia nisile. Pua hawakuitaja."

Vyungu nimeshavipanga kichwani: lengalenga, maharage, majani ya maboga, kuku mzima asiyepungua kitu, uyoga ukipatikana, kikanda cha mizizi kama utanifundisha, na munkoyo. Naona vinatosha.

Hukunijibu kama utakuja.

Pierrette wako


Lubumbashi, 8 Juni 2025

Pierrette,

Salamu kwako na kwa Matildah, nimemupenda bila kumuona. Nyanya zangu zimeshikwa na ugonjwa wa majani, lakini mimi ni muzima. Kengele ya kanisa siisikii tena. Naangalia jirani akivaa kitenge kizuri ndipo najua ni Jumapili.

Kikanda ni hivi. Nunua mizizi iliyokauka na kusagwa, usinunue kwa mutu usiyemujua. Twanga karanga mpaka ziwe unga laini. Chemsha maji, tia karanga na pilipili, mwaga unga wa kikanda kidogo kidogo huku unakoroga, weka maji ya majivu yaliyochujwa. Kitavuta, kitapigana na mukono wako. Usimuachie mutu mwingine mwiko. Kisha funika, weka makaa juu ya kifuniko, kiive juu na chini. Rosaria, mama yako, alipokionja mara ya kwanza alitaka kujua ni nyama ya munyama gani. Tulipomuambia ni muzizi wa ua la porini alikwenda kukaa nje peke yake kufikiri. Wewe ni yeye kabisa.

Sasa, nimesoma vyungu vyako. Nimesoma tena. Unaishi mahali ambapo hata barua inanuka samaki, unaolewa na wavuvi, na katika vyungu vyako vyote samaki hayumo. Gustave naye amenionyesha kwa mikono kwamba alikuletea samaki mpale mubichi mukubwa, ukaruka nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Kuhusu kuja: karatasi za mupaka ni nyingi, magoti yangu yanalia, na kuku mweusi ameanza kuatamia.

Chouchou


Nchelenge, 6 Julai 2025

Mama mukubwa,

Nakusalimia, na Matildah anakusalimia. Maharage yamekomaa, tumeyapura jana. Hizo ndizo habari njema, sina nyingine.

Wiki iliyopita BanaLevy alinitumia beseni la samaki wabichi, mpale wakubwa, bado wanapumua. Kwao hiyo ni heshima, mvuvi hampi mtu samaki wa kwanza wa wavu bila sababu. Nilishukuru kwa mikono miwili. Beseni lilipokuwa mezani nikatoka nje, nikampa Matildah yote. Nilimwomba apike kwake, afunge mlango. Lakini samaki wa kukaanga hazuiliki kwa mlango. Kabla ya Jumapili moshi ulikuwa umefika kwa BanaLevy, pamoja na jina la nyumba ulikotoka.

Alikuja mwenyewe. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye mkeka, na hilo likaniogopesha zaidi.

"Binti, samaki wetu ana nini?"

"Hana kitu, mama."

"Ananuka?"

"Hapana, mama."

"Wakongomani hamli samaki? Nimewauzia samaki tangu sijaota meno ya nyuma. Mnakula mpaka mnalamba karatasi."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kisha akasema polepole, "Mimi sina ugomvi. Lakini mwanangu amekulia ndani ya wavu. Anayekataa beseni letu atatuonyesha moto gani? Vyungu vyako acha kwanza. Watu wako wazima waje waniambie samaki wetu ana nini. Wasipokuja, tutarudisha maneno pale tulipoyachukua."

Aliondoka akaniaga vizuri. Levy amejaribu kumwomba, ameambiwa jambo la jikoni halina mwanaume.

Nitakuandikia wewe kile ambacho sikuweza kumwambia. Ile siku tulipokimbia vita, mimi na Mama tulikuwa boti moja. Mimi nilitolewa majini, yeye hakuonekana. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tangu hapo kila samaki nikimwangalia najiuliza amepita wapi, ameona nini huko chini. Ziwa naliogopa hata kwa mgongo. Meza yangu haikugeuzwa kwa sababu ya macho.

Na wewe pia kuna swali nimekuuliza mara mbili. Umenijibu juu ya kuku.

Pierrette


Lubumbashi, 27 Julai 2025

Mutoto wangu,

Leo sina habari za nyanya.

Kuku hajaatamia, na magoti yangu yananibeba mpaka sokoni kila siku. Naogopa ziwa. Meza yangu ya mboga inatazamana na meza za samaki wa Kilwa, na tangu mudogo wangu alipoondoka nimegeuza kiti changu, kama wewe ulivyogeuza meza. Wanawake wa samaki wanafikiri nawadharau. Sijamuonja hata mumoja.

Barua yako nilipoisoma nikakumbuka jambo ambalo wewe hukupata mutu wa kukuambia. Katika familia yetu, ziwa likichukua mutu, ndugu zake wanaacha samaki wa ziwa hilo. Lakini si milele! Siku ya kumaliza kilio, mukubwa wa familia anapika samaki, anaonja yeye kwanza, kisha anawalisha wengine kwa mukono wake. Kabla ya hapo samaki hashuki kooni, hata ukimutia asali. Hujakataa beseni la watu kwa jeuri. Hujalishwa tu. Wewe ulikuwa kambini, mimi nilikuwa muji, na kila mumoja alidhani mukubwa ni mutu mwingine. Bibi yako hayupo, mama yako hayupo. Nimekaa na hesabu hiyo tangu jana, na kila mara inaishia kwangu.

Gustave anasema kuna barabara ya kuzunguka ziwa, nisiguse maji. Nimefikiri. Nitakulishaje kitu ambacho mimi mwenyewe nakikimbia?

Muambie BanaLevy watu wako wazima wanakuja. Ni mumoja, lakini sema wanakuja.

Chouchou


Kilwa, 21 Agosti 2025

Pierrette,

Niko ufukweni. Gustave anavuka leo na magunia. Mimi navuka kesho upepo ukilala. Nimeangalia ziwa tangu asubuhi. Nilijiandaa kulichukia, na mashua ilipokuwa inaingia na jua juu yake nikasahau. Nilikuwa nimesahau kwamba ni zuri namna hii, na kwamba halina mwisho. Nimelia kwa sababu hiyo, si kwa ile nyingine.

Usinisubiri nyumbani. Njoo ufukweni, simama nikuone nikiwa mbali. Maji ya bukari, ugali wetu, yawe motoni.

C.


Nchelenge, 7 Septemba 2025

Mama yangu mukubwa,

Natumaini Gustave amekufikisha salama, na kuku mweusi amekupokea. Bironi wamenipongeza. Meza yangu sasa inaelekea dirishani. Shefu aliuliza kama macho yamepona, nikasema yamepona, na akacheka! Sikujua kwamba anacheka. Lengalenga niliyoiacha izae imejimwagia mbegu yenyewe, na inaota mpaka mlangoni.

Uliponiaga uliniagiza nikuandikie yote yaliyosemwa, kwa kuwa uliona midomo tu. Nimejitahidi nisipunguze kitu.

Pale ufukweni, boti ilipotokea, nilikuwa najiambia nisikimbie. Uliona nimesimama majini mpaka magotini. Hukusikia kwamba nilikuwa naimba. Sijui kwa nini. Nahodha aliwaambia watu, "Huyu mama amefumba macho kutoka Kilwa mpaka katikati, kisha akafumbua na hakuyafumba tena. Ameniuliza jina la kila ndege." Wakakupisha kama malkia.

Siku ya vyungu, maana BanaLevy alikubali tumletee jibu pamoja navyo, barabarani watu walisema vyungu vile vinatoka hoteli gani. Matildah aliwajibu, "Hoteli ya nyuma ya chumba." Ulipofunua kikanda, shangazi yake Levy alisema kimekatika vizuri kuliko cha kwake, na wenzake wakamwambia neno hilo alimeze na maji. Ulipoonyesha kuku wakahesabu: mapaja, mabawa, shingo, firigisi. Bibi mmoja akauliza, "Na jogoo mwenyewe amekubali?" Hapo ndipo uliona wote wanaanguka kwa kicheko. Levy alikuwa chini ya kitambaa ambacho bwana arusi hufunikwa mpaka vyungu viishe, ametulia kama inavyotakiwa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Kisha chungu cha samaki. Ulidhani unasema polepole. Mama mukubwa, ulisikika mpaka sokoni. Ulisema, "Huyu ni samaki wa ziwa lililomuchukua mudogo wangu Rosaria, mama wa huyu binti. Tulikuwa hatujamula. Nimemupika, nimemuonja, nimemulisha mutoto. Sasa tunamuleta kwenu. Samaki wenu hana kitu. Ni sisi tulikuwa na njaa."

Uliona BanaLevy anainuka, anachukua kipande kwa mkono wake, anakulisha wewe. Uliona midomo yake inakwenda muda mrefu, ukaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Najua hukusikia. Alisema hivi:

"Wewe mama, zamani sikuitwa BanaLevy. Niliitwa BanaJairos. Alikuwa wa kwanza wangu. Ziwa lilipomchukua, watu wakaanza kuniita kwa jina la mdogo wake, kwa huruma, nami nikaitika. Mavazi ya kilio yalipovuliwa, mama mkwe wangu aliniketisha hapa hapa, akanilisha. Kila nyumba ya mstari huu ina mtu wake mle majini. Na kila jioni tunakaa tunakula. Mtoto wako alipolikataa beseni nilidhani anatuona wachafu. Kumbe ni wa kwetu tangu zamani."

Wale wanawake wote waliinamisha vichwa, kila mmoja. Nilitazama mstari ule wa nyumba na nyavu zilizoanikwa, na maji nyuma yake yanang'aa mpaka yanakutana na mbingu. Nilikuwa nimekaa miaka yote hii nikidhani naliogopa peke yangu, katikati ya watu wanaolijua kuliko mimi na wanaotia nyavu humo kila alfajiri. Walikula. Tulikula wote. Levy alifunuliwa, akala kutoka kila chungu, na alipofika kwenye samaki alifumba macho.

Limebaki moja. Ile jioni ya kwanza nyumbani kwangu, tukiwa wawili tu na mpale mmoja na bukari, ulimwonja, ukatoa miiba kwa vidole, ukaniweka kipande mdomoni kama mtoto. Niliongea. Uliuliza, "Umesema nini?" nikakuonyesha kwa mkono kwamba baadaye.

Sikuwa naongea na wewe, unisamehe. Nilikuwa nimegeukia dirisha, upande wa ziwa. Nilisema, "Mama, ni tamu."

Pierrette